Kijiko cha Mgeni

Nilianza kuvijua vijiko siku wifi yangu aliponipa kimoja kwa dharau. Mume wangu alikuwa amezikwa jana yake, upande wa Kamango. Homa ilimkuta wakati vita vimefunga njia na dawa hazipiti. Nyumba ilijaa watu wa ukoo wake. Kwetu ukoo hula sahani moja: bugali katikati, maharagi au sombe, yale majani ya muhogo, kando, watu wananawa, mikono inaingia. Anayewekewa sahani ya peke yake na kijiko ni mgeni. Anaheshimiwa na anashibishwa, lakini katika mambo ya nyumba ile hana neno.

Niliponyoosha mkono kwenye bugali, wifi, dada mkubwa wa mume wangu, aliusukuma. Akaniwekea sahani ya bati karibu na mlango, na kijiko cha alumini kilichopinda shingo.

"Wewe utakula na kijiko," alisema, watu wote wanasikia. "Ndugu yetu amekufa, donc hatuna tena kitu na wewe. Mutoto akiacha kunyonya, tutamuchukua. Mbuzi za mahari zilitoka kwetu."

Nilikula. Nilikuwa nanyonyesha, ningefanya nini? Kila nilipokipeleka kijiko mdomoni shingo yake iligeuka na maharagi yakanimwagikia kifuani, mengine juu ya kichwa cha binti yangu. Hakuna aliyecheka. Walitazama pembeni, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

Wiki ileile, siku ya soko, nilitoka na mtoto mgongoni, nguo chache, na kile kijiko chini ya kitenge. Sikukiiba. Nilipewa mbele ya mashahidi.

Nilipata chumba Butembo na kazi ya kuchuuza chumvi na sabuni kutoka Kasindi. Lori lilitufikisha pale dereva alipothubutu, kipande kilichobaki tulikwenda kwa miguu, mzigo mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Mtu anayebeba hivyo anajua uzito wa kila kitu, hata wa kiberiti. Tulipopumzika tulipika sufuria moja ya maharagi na ndizi. Maji ya kunawa hayakuwapo, na maharagi ya moto huwezi kuyachota kwa vidole, kwa hiyo sheria ya njiani ilikuwa moja: kila mtu na kijiko chake, wala hakiazimwi. Anayengoja kuazima anakuta ukoko.

Mimi nilikuwa na kijiko changu, kweli, lakini wenzangu walichota mara tatu nikipigana na ile shingo. Kila tone lililomwagika lilinikumbusha uso wa wifi. Nikaapa kutafuta kijiko ambacho hata yeye asingepata la kusema juu yake.

Kasindi kulikuwa na meza za vitu vilivyovuka mpaka, na vingine vilivyotoka kwenye mizigo ya wanajeshi, tusiulizane vipi. Pale niliviona vile vya kukunja, kijiko, uma na kisu mahali pamoja. Muuzaji aliniacha nivijaribu kwa sababu nilikuwa napita kila wiki nikimchosha. Kimoja kilikuwa na vitu vyote vimefungwa kwenye pete, kinalia mfukoni kama kengele ya mbuzi. Kingine kilikuwa kijiko kilichochongwa meno kwenye ncha, ati ni uma papohapo. Mchuzi unapita kwenye meno na midomo inachomwa. Cha plastiki kilikuwa chepesi sana, lakini nilikitumbukiza kwenye chai ya mama mmoja pale sokoni kikalegea. Cha alumini sikukigusa. Alumini nilikuwa naijua tayari.

Vilibaki viwili vya chuma kisichoshika kutu, na mkono wangu haukuweza kuamua kipi chepesi. Muuzaji akaniachia vyote viwili mpaka safari nyingine. Nilipofika Beni nikaingia kwa mzee mmoja wa Kiislamu aliyenunua dhahabu, ambaye nilikuwa namuuzia sabuni, nikamwomba anipimie kwenye mizani yake ndogo. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Mama, hii mizani haiyapimaka njaa," alisema.

Lakini alipima, kwa uangalifu uleule wa dhahabu, na kimoja kikapanda juu. Nilikichukua hicho. Kijiko upande mmoja, uma upande wa pili, kisu kimelala ndani ya mpini, na ukikivuta kinaachana vipande viwili, ukate ndizi kwa mkono huu na kuishika kwa huu. Kisu hicho cha kujificha kilikuwa na faida nyingine. Kwenye vizuizi wanajeshi walikuwa wanatunyang'anya visu vyote.

"Mama, uko na mbeli, na kisu?" mmoja aliniuliza, akipekua kikapu.

"Ni kijiko, chef."

Alikigeuza, akafungua uma, akajikuna nao mgongo chini ya shati kwa raha zake, akanirudishia. Nilikichemsha siku mbili.

Nilikipenda kijiko kile. Nilikisugua kwa majivu mpaka nikajiona usoni mwake, na kila nilipokisugua nilimuona na wifi. Miaka ile kanisani wenzangu wote walikuwa wanaomba amani. Mimi niliomba wifi yangu asife kabla sijamlisha.

Mungu husikia hata maombi ya namna hiyo. Binti yangu alikuwa anaingia mwaka wa saba vita vilipofika Kamango tena, na wakimbizi wakapanda mpaka Butembo. Wifi alikuwa miongoni mwao. Alilala siku kadhaa kwenye ua wa parokia, akaulizauliza, akanitumia salamu: Jumapili baada ya misa atakuja kumuona mtoto wao. Wao, alisema.

Nilipika mapema. Niliwaita majirani watatu, wanawake tuliotembea pamoja njia ya Kasindi, mmoja wao mzee kuliko sisi wote, mtu ambaye neno lake lilisikilizwa hata na mapadri. Kisha nikaviweka vijiko viwili kitandani, kile kilichopinda na kile cha kukunja, nikavitazama. Roho yangu yote ilitaka kumpa kilichopinda. Lakini ningempa hicho angelia mbele ya watu kwamba nimemdharau mkimbizi, na majirani wangemhurumia. Kizuri hakingemwachia hata neno moja la kulalamika. Nilichukua kizuri.

Alifika na miguu imevimba. Niliiona miguu ile, msidhani sikuiona. Nilimpa kiti chenye mgongo, nikampa maji ya moto aikande. Alimvuta binti yangu, akamshika kidevu.

"Sura ya ndugu yangu kabisa," alisema. "Bon, nimekuja kumubeba. Vita itaisha, tutarudi kwetu naye."

"Tukule kwanza, mama," nilisema.

Tukanawa. Bugali ikawekwa katikati, tukaizunguka, binti yangu ubavuni kwangu. Wifi akanyoosha mkono.

"Hapana, mama," nilisema taratibu. "Sahani yako ni hii."

Nikamwekea mbele yake sahani ya kaure, ya pekee niliyokuwa nayo, na nyama kubwa kuliko za wote, na kijiko changu kimefunguliwa kinang'aa. Mkono wake ulibaki hewani. Aliwatazama majirani mmoja mmoja. Wote walitazama pembeni, isipokuwa yule mzee.

"Mugeni ule vizuri," mzee alisema. "Mambo ya mutoto, mwenye nyumba ataamua."

Wifi alikula. Alikuwa na njaa ya njia nzima, na chakula kilikuwa kitamu, nilihakikisha. Alikula mpaka mchuzi wa mwisho, machozi yanamshuka, kijiko kinagonga sahani. Na mimi nilifurahi. Sitadanganya niwapendeze.

Alipomaliza, binti yangu alisimama bila kutumwa. Alikichukua kijiko, akakiosha, akakikunja jinsi nilivyomfundisha, akakiweka mkononi mwa shangazi yake.

"Shangazi, beba," alisema. "Mama anasemaka kila mutu wa njia na kijiko yake."

Wifi alinitazama. Ningeweza kusema hapana, si hicho. Baada ya mtoto, sikuwa na kitu duniani nilichokipenda kama kijiko kile. Nilimwacha akichukue. Alikifunga kwenye pindo la kitenge, akashukuru kama mgeni anavyoshukuru, akatoka peke yake.

Safari iliyofuata nilibeba kile kilichopinda. Maharagi yalinimwagikia kifuani njia yote mpaka Kasindi, na wenzangu wakaniuliza kwa nini nacheka.