Sufuria ya Mama Wambui

Siku niliyoripoti ofisi kuu ya kilimo mjini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilivaa viatu vipya vilivyonibana, na Mkuu wa Idara hakunipa hata nafasi ya kuketi. Alinitazama juu ya miwani yake akauliza, "Mutheu, jana ulipika nini?" Nikasema muthokoi, yale mahindi yetu Wakamba yaliyokobolewa kwa kinu na kuchanganywa na maharagwe. "Na makaa ulimaliza kiasi gani?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole. "Basi kazi yako inaanzia hapo," akasema. "Na usimfundishe mama yeyote kitu ambacho hujakipika mwenyewe ukakila."

Ninyi vijana mkisikia "afisa wa uchumi wa nyumbani" mnadhani nilikuwa nahesabia watu pesa. Wapi! Kazi yangu ilikuwa kumpunguzia mama safari za dukani: apande mboga mlangoni, azikaushe wakati wa mvua azile wakati wa kiangazi, atengeneze sabuni yake, afuge sungura nyuma ya jikoni.

Kwanza nilipangiwa Lavington na Spring Valley, mitaa ya matajiri. Huko nilizungumza zaidi na mageti kuliko na watu. Wenye nyumba walitaka maua. Waliopanda sukuma wiki ni watunza bustani, nyuma kabisa, penye kamba za nguo. Sikukaa sana, nikahamishiwa Waithaka, pembezoni mwa mji penye mashamba, na nikapanga nyumba huko huko na mume wangu Mutisya na watoto wetu.

Waithaka nilipendwa, sitaki kudanganya. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama alikuwa Mama Wambui, mwenye shamba lake, ng'ombe wake, na sauti ya kusikika mpaka barabarani. Niliwafundisha bustani ya gunia: unajaza gunia udongo na samadi, unapanga kokoto katikati ili maji yashuke mpaka chini, unatoboa ubavuni na kila tundu unapanda mche. Maji ni yale yale uliyooshea vyombo. Halafu kikapu cha kupikia, ambacho ndicho kilinipa jina. Kikapu cha kawaida cha sokoni, ndani umekizungushia blanketi kuukuu. Chakula kikishachemka vizuri unakitoa motoni, unakitumbukiza humo na sufuria yake, unafunika kwa mto, unaenda zako. Ukirudi kimeiva chenyewe.

Kisha kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi Mutisya, kule mjini, kikafungwa. Mshahara wangu nao ulikuwa ukikatwa mkopo wa karo. Mutisya hakutaka watu wajue. Kila asubuhi alifunga tai akaenda mjini, akaketi kwenye bustani ya umma mpaka jioni, akarudi na gazeti aliloliokota. Nami nikawa namfunikia. Yale niliyofundisha kwa vitabu nikaanza kuyaishi kwa sababu hatukuwa na mengine. Magunia yakajaa mpaka mlangoni. Watu wakanisifu: "Madam anafanya anachosema!" Niliitikia kwa kichwa. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha kwelikweli.

Ndipo ikaja siku ya wakulima, siku ya kuwaonyesha wageni kazi zetu. Nyumba ya mfano iliyokuwa imechaguliwa ilipata msiba, na Afisa wa Tarafa, bosi wangu, mtu wa haraka aliyetembea akiongea, akanigeukia. "Madam, si wewe unaishi hapa hapa? Nasikia kwako magunia yamejaa mpaka mlangoni. Tunakuja kwako."

Ningekataa kwa sababu gani? Ningesema nini?

Wakaja. Akina mama wa kikundi, maafisa kutoka mjini, na mabibi fulani wa Lavington waliotaka kuona, kama walivyosema, maisha ya kujitegemea. Nikaeleza magunia. Nikaonyesha sungura. Kisha Afisa wa Tarafa akakiendea kikapu, akaondoa mto, akafunua sufuria mwenyewe. Kwetu mwanamume mgeni hafunui sufuria ya mwenye nyumba. Nilihisi amenivua nguo.

Ndani mlikuwa na muthokoi. Maharagwe yalikuwa machache, yanaonekana moja moja, na mafuta hayakuwemo.

"Hiki ni cha maonyesho," akawaambia wageni akicheka. "Chakula chenyewe Madam atatutolea baadaye. Onjeni, onjeni!"

Kijiko kikaanza kuzunguka. Bibi mmoja wa Lavington akafumba macho akitafuna. "Organic kabisa!" akasema, akaomba kingine. Jamani, mimi nilikuwa nimesimama pale natabasamu, nakifuata kile kijiko kwa macho kila kinapoingia na kila kinapotoka. Kilikuwa chakula chetu cha jioni. Hapakuwa na kingine. Walipofika chini wakakwangua, wakanipigia makofi.

Watoto waliporudi kutoka shule walikuta sufuria imeoshwa. Mutisya aliingia na gazeti lake, akatazama kikapu, akanitazama mimi, akaketi bila kulegeza tai.

Giza halijaingia, nikasikia hodi. Ni Mama Wambui, na sufuria kubwa iliyofunikwa kwa kitambaa. Mukimo, bado unafuka moshi, viazi vimepondwa na mboga na mahindi.

"Wageni wamekula chakula ya watoto," akasema kwa sauti ya chini, yeye asiyejua kusema chini. "Nilikuona ukiangalia kijiko."

"Ulijuaje, mama?"

"Ngai! Mzee anaenda kazi na viatu vimeisha soli? Sisi tumejua kitambo. Macho haina pazia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wote walijua! Wale wanawake niliokuwa nawasimamia mbele na chaki mkononi, wakiniitikia "Ndiyo, Madam," walijua nilichokula na nisichokula. Watoto walikula mukimo ule wakajilamba vidole. Mimi sikuugusa.

Sasa sikilizeni. Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, hilo mnalijua. Na sufuria ya mukimo huwezi kuirudisha na majani ya sukuma kwa mtu mwenye shamba zima. Nikaiweka juu ya kabati nikisubiri nipate cha maana. Wiki zikapita. Nikaanza kupitia njia ya nyuma nisipite kwake, na mikutano ya kikundi nikawa naahirisha. Mimi, mwalimu wa kutoa kitu pasipo na kitu!

Jumamosi moja akaja mwenyewe. "Madam, nataka sufuria yangu. Niko na wageni wa ruracio, wanakuja kuongea mambo ya mahari ya Wambui."

"Nitakuletea kesho, mama."

"Leo. Hata ikiwa tupu." Kisha akanishika mkono. "Wewe ulitufundisha tusimwage hata maji ya kuosha vyombo. Sasa hiyo aibu unaiweka ya nini? Imwage."

Nikampa. Akaiinua begani ikiwa tupu, bila kitambaa, akapita nayo katikati ya ploti, kila mtu anaiona. Nilifunga mlango nikalia. Lakini Jumatatu Mutisya hakuvaa tai. Alichukua jembe akaenda kulima kibarua kwa Mama Wambui, mchana kweupe.

Nilistaafu kwa heshima. Katika hotuba za kuniaga, Afisa wa Tarafa aliikumbuka sana siku ile ya wakulima. Nilitazama viatu vyangu mpaka akamaliza.

Siku hizi ninacho. Watoto wanafanya kazi, magunia nimeyabakiza kwa mapenzi tu. Mama Wambui ndiye mambo yamemgeuka. Wanawe waliuza shamba kipande kwa kipande, nyumba za kupangisha zikaota, naye amebaki na chumba kimoja nyuma ya ghorofa lililojengwa pale palipokuwa na ng'ombe wake. Niliposikia, nilipika muthokoi wenye maharagwe ya kutosha na mafuta, nikaujaza kwenye sufuria yangu nikampelekea. Alishukuru sana.

Sufuria hiyo haijarudi. Najua iko wapi: juu ya kabati, inasubiri cha maana. Naye siku hizi hapiti kwangu. Nimemwona akizunguka njia ya nyuma.

Maneno ya kumwambia ninayo, alinipa mwenyewe siku alipoifuata sufuria yake. Nimefika getini pake zaidi ya mara moja, nikasimama, nikasikia akikohoa ndani, nikageuka. Yeye aliweza kunitazama machoni akayasema. Mimi bado.