Mstari Nilioupiga kwa Rula

Iko siku moja ya masika, mwanangu, ambayo miaka mingi imepita na bado naikumbuka kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nina shati jeupe lililopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Hapa Kalemie watu walikuwa wameanza kuniita shefu, yaani mkubwa wa kazi. Nakusimulia kwa sababu nasikia mji wetu unataka tena kuwa na basi, na huenda wewe unayenisoma ukawa mmoja wa watakaoulizwa zipite wapi.

Wakati ule shirika dogo la usafiri, ambalo limekwisha kufa zamani, lilileta basi mbili. Mimi nilikuwa nimesoma zaidi kidogo kuliko wengine, kwa hiyo nikapewa kazi ya kupanga njia. Nikaketi ofisini, nikatandaza ramani ya mji juu ya meza, nikachukua rula. Nilipiga mstari kutoka daraja la mto Lukuga, ukafuata barabara kubwa ya kando ya ziwa, ukipita karibu na soko, mpaka stesheni ya gari la moshi, kisha ukapanda kilimani kwenye maofisi. Vituo niliviweka mahali penye majengo mazuri: posta, benki, hospitali. Saa nilizipanga kwa kufuata saa za maofisi. Mwisho nikaandika masharti, nikayabandika karibu na mlango wa kila basi. Sharti la tatu lilisema ni marufuku kuingia na samaki, makaa au beseni la aina yoyote.

Sikuyaona masharti hayo kuwa makali. Nilitaka basi safi. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, nimekulia katika nyumba za reli, na nilidhani mji wote unaamka saa tunayoamka sisi.

Siku hiyo ninayokuambia nilipanda basi ya asubuhi ili nione kazi inavyokwenda. Tulikuwa na abiria sita tu, kila mmoja kwenye kiti chake, na viti vingine vyote vitupu. Shofa aliyeendesha alikuwa Papa Lukas, mtu mpole aliyenizidi umri. Tulipokuwa tunaondoka darajani, mama mmoja alipunga mkono. Kichwani alikuwa na beseni kubwa la ndagala wabichi, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Papa Lukas akasimamisha basi. Baadaye nilijua kwamba anaitwa Mama Feza, mjane aliyetoka pwani ya kaskazini ya ziwa na kuja kuuza samaki hapa.

Mama Feza aliangalia ndani, akaniangalia mimi niliyesimama mlangoni.

"Mutoto yangu, mvua iko inakuja. Niingie, nitasimama kule nyuma."

"Samaki hawaruhusiwi, Mama. Soma hapo."

"Mimi sijui kusoma. Lakini naona viti viko vitupu."

Papa Lukas alinigeukia. Mlango aliuacha wazi. Abiria wawili walikuwa wameshaanza kuziba pua, nami nikaona aibu mbele yao, si mbele ya yule mama.

"Papa Lukas, twende," nikasema.

Tukaenda. Hatujafika posta mvua ikaanza, mvua ile yetu ya ziwa ambayo haitoi nafasi ya kutafuta pa kujificha. Tulifika kilimani, watu wakashuka wakavu, wakaingia ofisini. Tukageuza. Wakati wa kurudi, kwenye kona iliyo kabla ya posta, tulikuta watu wamekusanyika kando ya mtaro. Lori lilikuwa limepita karibu mno, Mama Feza akakwepa, akateleza, akaanguka ndani ya mtaro na beseni lake. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika juu kidogo ya kifundo. Ndagala walikuwa wametapakaa kwenye matope, maji yakiwasukuma kuelekea ziwani.

Papa Lukas alisimamisha basi bila kuniuliza. Tulimwingiza Mama Feza, tukamlaza kwenye kiti kirefu cha nyuma, nguo zake zikiwa zimejaa tope na samaki, na tukampeleka hospitali. Njiani hakuna mtu aliyeziba pua.

Jioni nilirudi ofisini kuandika ripoti. Katika ofisi hiyo alikuwapo mzee Papa Raimondi, mtu wa kijiji cha Mpala, ambaye alikuwa mkuu wa treni kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa alikuwa akitunza tiketi zetu. Aliichukua karatasi yangu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akasoma kwa sauti: "Abiria mmoja alikataliwa kwa mujibu wa masharti." Akaiweka chini.

"Haya masharti yaliandikwa na nani?"

"Na mimi, Papa."

"Ulikuwa wapi ulipoyaandika?"

"Hapa. Kwenye meza hii."

"Na huu mustari, uliutembea kwa miguu hata siku moja? Kutoka Lukuga mpaka sokoni?"

Sikuwa nimeutembea. Nilikuwa napita pale kwa baiskeli yangu, tena siku za Jumapili.

Papa Raimondi hakuinua sauti. Alikuwa mtu wa kusema polepole, na mpaka leo nikikumbuka nasikia vibaya kuliko kama angenipiga kofi. Alisema: "Mimi kwenye treni nilibeba mahindi, nilibeba mbuzi, nilibeba maiti za watu waliotaka kuzikwa kwao. Kila muntu alikuwa na mzigo wake, na mzigo njo uliomufanya apande treni. Wewe umefukuza mizigo, halafu unashangaa viti viko vitupu. Kesho usikuje ofisini. Nenda umuone yule mama."

Kesho yake nikaenda. Alikuwa amesharudi nyumbani kwake, chumba kimoja ng'ambo ya Lukuga, mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa nimejiandaa kusema maneno marefu. Nilisema, "Mama, nimekuja kuomba samahani."

"Nimesikia," akasema. Kisha akanionyesha kwa kidevu beseni lililokuwa mlangoni, limejaa. "Wavuvi wameniletea sehemu yangu ya leo kama kila siku. Jua likipanda, hawa wataoza. Nani atanipelekea sokoni?"

Hakukuwa na mtu mwingine mlangoni ila mimi. Nikavua saa, nikakunja mikono ya shati, majirani wakanisaidia kuinua beseni. Mwanangu, mimi sikuwa nimewahi kubeba kitu kichwani tangu utotoni. Maji ya samaki yalinitiririka shingoni na kuingia ndani ya shati. Mama Feza alitembea pembeni yangu, mkono wake umening'inia kwenye kitambaa, na hakunicheka. Kila tulipofika mahali fulani alisema, "Hapa tunapumzika." Mara ya kwanza ilikuwa kwenye ukuta mfupi, kimo cha kiuno, ambapo mtu anaweza kutua beseni bila msaada. Mara ya pili kwenye ghala lenye kivuli asubuhi. Mara ya tatu mbele ya nyumba moja yenye bomba la maji. Kila mahali tulikuta wanawake wengine wamepumzika, wana mihogo, wana makaa, wana watoto mgongoni. Kwenye ramani yangu hapakuwa na alama yoyote mahali pale.

Tukiwa tumebakiza theluthi ya njia, nilisikia basi nyuma yetu. Papa Lukas alituona akapunguza mwendo, akasimama, akafungua mlango. Sharti la tatu lilikuwa palepale, kwa mwandiko wangu. Ndani walikuwamo watu wanne, wote wakinitazama, mmoja wao karani niliyesoma naye.

"Shefu," akasema Papa Lukas, "nifanye nini?"

Nikisema tuingie, nimevunja sheria yangu siku ambayo mzigo ni wangu. Nikisema hapana, yule mama mgonjwa ataendelea kutembea. Nilimgeukia Mama Feza. Yeye alikuwa anaangalia ziwa, kama mtu ambaye jambo hili halimhusu.

"Mchukue Mama," nikasema. "Mimi nitafika."

Alipanda peke yake, bila beseni, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Nami nikatembea sehemu iliyobaki. Nilipofika sokoni alikuwa ameshapanga meza yake kwa mkono mmoja. Nikatua beseni. Akasema tu, "Umechelewa, lakini bado ni wazima." Alikuwa anasema habari za samaki.

Nilimbebea majuma matatu, mpaka binti yake alipofika kutoka kaskazini. Kisha nikarudi ofisini na ramani mpya, mara hii nimeichora nikiwa nimesimama barabarani, Papa Raimondi akiwa pamoja nami na fimbo yake ya kutembelea. Tukahamisha vituo, tukaviweka kwenye ukuta mfupi, kwenye ghala, kwenye bomba. Tukaweka basi ya kwanza alfajiri, wakati mitumbwi inaporudi. Katika basi moja tuling'oa viti vya nyuma, tukatandika bati sakafuni ili iweze kuoshwa, na mabeseni yakapata mahali pake. Baadhi ya makarani waliacha kupanda. Wengine walilalamika mwezi mmoja, wakazoea. Basi ilijaa mpaka tukawa tunawaacha watu.

Nisikudanganye kwamba mambo yaliishia hapo vizuri. Mkono wa Mama Feza haukunyooka tena. Alipanda basi yetu kila asubuhi akijishika kwa mkono wa kushoto, na alinisalimia kila siku kwa heshima, lakini hakuwahi kusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Basi zenyewe zilidumu miaka michache. Vipuri vilikosekana, basi moja ikawa inakula vyuma vya mwenzake, halafu zote mbili zikasimama uani zikaota majani. Baadaye vita vikaja, treni ikawa inafika inapotaka, na watu wakarudi kwenye miguu yao mpaka vijana walipoleta pikipiki.

Mwezi uliopita vijana wawili, binti na mvulana waliosomea mambo ya mipango ya miji, walikuja nyumbani kwangu. Walikuwa wameambiwa kwamba mimi ndiye mzee aliyebaki wa zile basi. Walinionyesha ramani yao kwenye kompyuta, nzuri sana, ina rangi. Mji umekua kuliko nilivyofikiri. Wapo waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya bunduki wakabaki hapa. Wapo ambao ziwa lilipanda likachukua nyumba zao, wakahamia juu kwenye vilima. Barabara yetu ya zamani ya kando ya ziwa, sehemu nyingine imekuwa maji. Vijana hawa wamepitisha mstari wao ndani zaidi, na wamefikiria hata mashua za abiria za kufuata ufuko. Nilifurahi kuona hayo.

Kisha binti akaniambia kwamba pikipiki zitakatazwa katika barabara kubwa.

"Wenye pikipiki mumewauliza?" nikasema.

Wakatazamana. "Bado, Papa. Ramani njo imekwisha juzi tu."

"Na huu mustari, mumeutembea?"

Mvulana alisema wameupita na gari. Nikaagiza chai, nikawasimulia haya niliyokusimulia wewe. Binti aliandika. Mvulana hakuandika, lakini alipoondoka aliniuliza kama miguu yangu bado inaweza kufika Lukuga.

Basi, mwanangu, shauri langu ni hili. Siku utakapopewa kalamu ya kuamua njia ya watu wengine, toka kwanza uitembee, siku ya kazi, saa wanayotembea wao, na mkononi uwe na mzigo wao. Uliza wanapumzika wapi, na uwaulize wanawake kabla ya kuwauliza wakubwa. Yule kijana wa pikipiki usimfanye adui. Yeye anafika juu kwenye vilima ambako basi haitafika kwa muda mrefu, kwa hiyo mpe kazi ya kuwaleta watu kituoni, na mketi naye kabla hamjaandika katazo lolote. Kabla ya kununua gari kumi, tafuta kwanza fundi na vipuri vya gari tatu, maana mimi nimeona basi nzuri zikiota majani. Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usijifiche nyuma ya karatasi uliyoiandika wewe mwenyewe. Nenda kwa yule uliyemkosea, na ukimkuta ana kazi, ifanye. Asipokusamehe, endelea kuifanya vizuri hivyohivyo.

Mungu akulinde barabarani na majini. Akupe wakubwa watakaokuambia ukweli ungali kijana, na akupe moyo wa kuwasikia. Naye akujalie miaka mingi, uzeeke katika mji huu, siku moja upande basi uliyoileta wewe, usijulikane na mtu yeyote mle ndani, na kijana mmoja asimame akupishe kiti.