Sahani ya Fidia

Harufu ya viazi vitamu vikichemka chini ya jani la mgomba hunirudisha Thika ya miaka ya tisini, katika chumba chetu cha mabati pembezoni mwa mtaa wa Kiandutu, kwa mama yangu aliyekuwa akilala mchana. Nasema akilala kwa kuwa ndivyo majirani walivyosema. Mimi niliyekaa kando yake nilijua hapati usingizi. Homa moja ilikuja ikaenda, isimrudishie nguvu zake. Akifua kanga moja, kesho yake hainuki. Na juu ya uchovu huo, sukari ilimshuka mwilini: jasho jembamba juu ya mdomo, vidole vikitetemeka, maneno yakimponyoka. Alikuwa amejifunza kwamba chai ya sukari tele humwinua upesi na kumwangusha vibaya zaidi. Kilichomshikilia ni kipande cha kiazi na njugu chache, mara kwa mara, kabla njaa haijabisha hodi. Kisahani cha vitu hivyo nilimpelekea mimi nilipotoka madrasa.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, imamu alimwambia wazi kwamba mgonjwa wa namna yake hafungi. Hulisha maskini kwa kila siku anayokula, ndiyo fidia yake. Basi kila magharibi nilibeba sahani ya wali na maharagwe, nikampelekea kibarua mzee aliyeishi peke yake mwisho wa kichochoro. Uaminifu huo ndio uliomponza Mama. Waislamu wa mtaa wetu tulikuwa wachache, tukijuana hadi mlio wa sufuria, na kawa niliyofunikia sahani ilificha wali, haikuficha habari.

Shangazi Rehema, dada mkubwa wa Baba, alikuja kutoka Ruiru kukaa nasi mwezi huo. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Wifi, unaumwa wapi hasa? Kidonda kiko wapi nikione? Mbona mashavu yamejaa?”

“Ningekuwa na kidonda, wifi yangu,” Mama akajibu taratibu, “ningekuwa nimepumzika.”

Mama Njoki, jirani yetu Mkristo aliyekuwa akimenya viazi nje, akadakia: “Haiya! Si mwachie mama wa watu akule! Mungu mwenyewe hajalalamika, ni wewe tu umepanda gari kutoka Ruiru.”

Tulicheka. Shangazi hakucheka. Jioni alimwambia Baba kwamba sahani ile inautangazia mji aibu ya ukoo mzima; na Baba, mtu mpole hata pale upole unapokuwa dhambi, akanyamaza. Kabla ya alfajiri Mama aliamka kula daku pamoja nasi.

“Nitajaribu leo tu,” aliniambia, “midomo ya watu ipumzike.”

Alianguka baada ya adhuhuri, ndoo ikamwagika miguuni pake. Mama Njoki alimpaka sukari ndani ya mdomo kwa kidole, akilia, “Woi, Mama, rudi!” Akarudi, lakini zile nguvu chache alizokuwa nazo hazikurudi naye. Kabla ya siku ile alijiendea mwenyewe hadi bombani. Baadaye, kufika mlangoni tu kukawa safari. Akaishi hivyo mpaka tulipomzika. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tulikuwa na aliye hai, ana ulimi, anatueleza, na bado tukataka kuona kidonda.

Leo maradhi yale yana jina, uchovu sugu, na vijana huyasoma kwenye simu zao. Shangazi Rehema, mkongwe sasa, anaishi kwangu Ruiru na ana kisukari. Ramadhani wajukuu humchoma kidole, kimashine kikaonyesha namba, na chakula chake kikaletwa mchana kweupe bila mtu kuuliza neno. Ni haki yake, nami ndiye ninayekipika. Ila namba ya kimashine imeaminiwa siku ya kwanza, na mama yangu hakuaminiwa maisha yake yote.

Magharibi mimi ndiye ninayebeba sahani ya fidia ya Shangazi. Mwaka jana alininyooshea kawa. “Funika, mwanangu, watu wataona.” Niliipokea, nikaiweka mezani, nikatoka na sahani wazi.