Imla ya Gazeti

Jana asubuhi gari la matangazo lilipita mtaani kwetu hapa Temeke likinadi dawa ya kunguni. Mjukuu wangu alicheka jinsi lilivyojisifu. Mimi nilikuwa nakanda unga wa chapati, na mikono ikasimama yenyewe ndani ya bakuli. Pamoja na uzee wote huu, spika ikikoroma barabarani bado naacha ninachofanya. Kaa basi nikusimulie, maana tunaolikumbuka gari la matangazo la zamani, lile la serikali, tumebaki wachache.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Nilisoma shule ndogo iliyoezekwa makuti, katikati ya Temeke na Buguruni, watoto wa pande zote mbili tukibanana kwenye mabenchi. Wasichana tulikuwa wachache na tulikalishwa mbele. Mwalimu wetu alitoka bara, mrefu, mpole wa sauti, na lafudhi yake tuliiigiza sana njiani tukirudi nyumbani. Kila wiki alitusomea imla kutoka gazeti la serikali. Tukishamaliza kuandika, tuliweka kalamu chini, naye akauliza swali lake lile lile: "Limeacha nini?"

Mwanzoni hatukumwelewa. Siku moja gazeti lilisema wakulima wamefurahia bei mpya ya pamba. Mwalimu akauliza, na mtoto mmoja akasema halikutaja bei yenyewe. Mwalimu akatabasamu mpaka tukaona ufizi. Tangu hapo ukawa mchezo wetu, tukauhamishia majumbani. Bibi yangu, mama yake baba, akisema kwamba mtaa mzima unajua jirani fulani ni mchawi, mimi namuuliza nani alimwona akiwanga. Alinirushia mwiko. "Huyo mwalimu wenu anawafundisha ujeuri," alisema, na nadhani alikuwa na haki kidogo.

Baba alikuwa kuli bandarini, Kurasini. Alirudi jioni akinuka magunia na jasho, mabega yamechubuka. Mwaka ule makuli waligoma, wakidai nyongeza ya mshahara. Siku za kwanza zilikuwa kama sikukuu, baba yupo nyumbani mchana, anatengeneza mlango, anatutania. Kisha nazi ikapotea kwenye mihogo, halafu samaki akapotea, tukabaki na mhogo wa kuchemsha na chumvi. Wanaume walikaa barazani wakiongea kwa sauti ndogo. Mtu akipita ambaye hawamjui walinyamaza wote.

Ndipo gari lile la serikali likaja. Tulilijua na kulipenda, kwa sababu zamani lilituletea sinema uwanjani. Lilipiga santuri kwanza, watoto tukatoka mbio kama kawaida yetu. Santuri ikakatwa. Sauti ya mtu, Kiswahili safi kabisa, ikasema makuli wa Buguruni wote wamerudi kazini kwa furaha. Wamebaki wa Temeke peke yao. Asiyefika getini kesho alfajiri, nafasi yake atapewa mwingine. Gari likaondoka polepole, na hakuna mtoto aliyelikimbilia.

Usiku ule mama alifua shati la kazi la baba na kulianika juu ya jiko. Baba alilitazama tu. Tulikuwa tumepanga chumba, na mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kupita mlangoni bila kusalimia. Baba akiendelea kugoma peke yake, tungelala nje. Akirudi kazini wakati wenzake bado wamekaza, asingeweza kuwatazama usoni tena. Alfajiri alivaa lile shati, likiwa bado na unyevu, akakaa kitandani. Hakwenda. "Kesho," alimwambia mama. "Kesho nitakwenda."

Darasani siku hiyo imla ilikuwa habari ya mgomo, kwamba unakwisha. Mwalimu aliisoma taratibu, kisha akauliza swali lake, sauti chini kuliko kawaida. Nikasimama nikasema halikutaja Temeke, kwa maana gari limesema sie tumebaki peke yetu na Buguruni wamerudi. Nyuma yangu mtoto mmoja wa Buguruni akasimama naye.

"Kwetu gari limesema nyie wa Temeke ndio mmerudi," alisema. "Baba yangu yupo nyumbani. Nimemwacha kalala."

Mwalimu alifuta ubao ambao haukuwa na kitu. "Mkifika nyumbani," alisema, "semeni mlichokiona wenyewe. Msiongeze neno."

Nilimwambia baba, naye akamtazama bibi. Nilingoja mwiko. Badala yake bibi alijitanda kanga yake, akachukua kikapu, akaenda Buguruni kwa miguu kutafuta mihogo ambayo hatukuwa na hela ya kununua. Alirudi kikapu kitupu. "Wapo," alisema. "Wamejaa vibarazani, wanacheza bao. Nimewaona kwa macho yangu." Baba akavua shati. Habari ile ilizunguka Temeke kabla ya magharibi, na baadaye makuli wakaongezwa mshahara kidogo. Nazi ikarudi kwenye mihogo. Nilijiona mtu mkubwa.

Kisha akaja mgeni darasani, Mzungu wa serikali. Alivaa soksi ndefu, akasimama nyuma kabisa, mikono mgongoni. Mwalimu alisoma imla. Tuliweka kalamu chini. Nilimwona akimtazama yule mgeni, kisha akatutazama sisi, na nikaomba moyoni asiulize. Aliuliza. Hakuna aliyenyanyua mkono. Alingoja kidogo, akasema, "Haya, mnaweza kwenda," na tukatoka tukipita mbele ya zile soksi.

Keshokutwa yake tulimkuta mwalimu mpya. Chumba cha yule wa bara, nyuma ya shule, kilikuwa wazi, sufuria ya uji bado juu ya mafiga, uji umeganda. Mwalimu mpya alifungua gazeti akatusomea imla. Lilisema mwalimu wa shule yetu ameomba mwenyewe kurudi kwao kwa ajili ya afya yake, na kwamba wanafunzi walimuaga kwa nyimbo na shangwe.

Wanafunzi hao ndio sisi. Tuliandika kila neno. Kalamu zikawekwa chini kwa mazoea, na mwalimu mpya akashangaa kwa nini tumetulia hivyo tukimtazama. Kisha akakusanya madaftari. Nilipata alama zote, sikukosea hata nukta.

Yule mwalimu wa bara hatukumwona tena wala kusikia habari zake. Pale shuleni sasa yanalala malori. Baba na bibi wamekwisha kufa, na yule mtoto wa Buguruni sijui yuko wapi. Jana gari la dawa lilipokata kona, mjukuu aliniuliza mbona nimeduwaa. Nikamjibu swali ambalo si yeye aliyeniuliza, lile la mwalimu.

"Hatukumuaga," nilisema.