Ulimi wa Bi Kokoto

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, mwenzangu wa chumbani hulamba jiwe. Shahada yake ni ya uhasibu. Uhandisi wa jiolojia ni somo lake dogo tu, kama lilivyo kwangu, ila yeye limempanda kichwani kama pepo. Udongo huutafuna kwa meno ya mbele: ukikwaruza una mchanga, ukiteleza ni mfinyanzi. Mkobani hubeba nyundo, kioo cha kukuzia na rangi ya mdomo iliyojaa vumbi. Tunamwita Bi Kokoto, naye huitika "Abee!" kwa sauti ya mwenye cheo.

Siku ya mtihani wa vitendo roho yake ilikuwa mkononi, maana akianguka tena angeondolewa kwenye somo. Mawe yalipangwa mezani. Alilamba, akanusa, akataja moja baada ya jingine bila kukosea. Mwisho wa meza akaokota kipande cha kahawia, akakiuma, akatafuna, akameza.

"Kina vitundu, ni chepesi, kinanyonya maji," alisema. "Asije mtu akajengea nyumba."

Mhadhiri alivua miwani. "Binti, huo ni mkate wangu wa juzi."

Darasa zima tulivunjika mbavu. Mhadhiri mwenyewe alicheka huku ameshika meza, kisha akamfaulisha, kwa kuwa maelezo yote yalikuwa sahihi.

Tulipofika mlangoni nilimnong'oneza, "Shoga, kweli hukujua ni mkate?"

"Nilijua. Nilikuwa na njaa."