Jina la Marehemu Kwenye Orodha

Kamina nzima inajua nilirudi kutoka Johannesburg na diploma, bila msaada wa mjomba wala padri. Niliweka antena ya satelaiti juu ya paa, na kutoka sebuleni kwangu, karibu na reli, nikailinda kompyuta kubwa ya benki moja ya mbali. Ndani yake mlikuwa na mashine nyingi zisizo na chuma wala waya, zimeundwa kwa programu tu, na swichi iliyoziunganisha na mtandao ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Mfanyakazi wa benki ambaye jina lake halikuwamo kwenye orodha yangu, mashine yake haikuunganishwa. Kuandika na kufuta majina ilikuwa kazi yangu, na hakuna aliyeiweza kama mimi.

Nilimfundisha kazi hiyo rafiki yangu, mwana wa fundi wa reli, hata benki ikamwajiri na kumpa mashine yake. Homa ilimuua ndani ya siku tatu. Siku ya mazishi ofisi ya benki iliniandikia: futa jina lake. Sikufuta. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi kabla kilio hakijaisha, nami nilijiona mkubwa kuwafundisha watu wa mbali heshima.

Kilio kilipoisha, nilikuta mashine yake imeingia mtandaoni wiki mbili baada ya yeye kuzikwa, na siri za wateja zimechukuliwa. Ripoti ya ofisi ilianza na jina lake: nywila alimuuzia nani?

Nilikwenda kumweleza mjane wake. Alisikiliza huku akichekecha unga.

"Shemeji, chumba yake ya kazi miye nilifunga siku ile ile ya mazishi."

"Hukuona kama unamfukuza, Mama?"

"Kumufukuza? Bantu bangeiba, kisha baseme ni yeye njo aliuzisha. Diploma yote ile, haikukufundisha kufunga mulango ya mufu?"

Nilirudi kwenye kompyuta yangu.

Nilifuta jina. Kisha nikaandika, kwa lugha safi kama kawaida yangu, kwamba niliagizwa nikakataa, na kwamba nywila ya marehemu ilikuwa kwenye bahasha ofisini kwao tangu aajiriwe, ambapo yeyote kati yao angeweza kuisoma.

Walijibu siku ya tatu. Jina lake waliliondoa kwenye ripoti. Mimi waliniondolea mamlaka juu ya orodha.

Barua yao niliichapa nikampelekea mjane. Akaisoma mara mbili, akafungua kile chumba cha kazi, akaiweka kwenye meza ya mumewe, akafunga tena.