Zubeiri na Darasa la Watani

"Nipeni miezi mitatu tu na watu wa soko la Ngamiani," alisema Zubeiri bin Uweso, amesimama juu ya kiti cha watu, katikati ya harusi ya watu, "watazungumza Kiingereza mpaka Mzungu mwenyewe aombe po!"

Ilikuwa mwaka 1955, Barabara ya Saba mjini Tanga, na pilau ilikuwa haijapakuliwa bado, kwa hiyo hakuna awezaye kusingizia shibe. Wanaume walicheka. Ndani wanawake walipiga vigelegele, ingawa yasemekana vilikuwa vya bibi harusi. Aliyenuna ni mmoja tu: Haji, karani wa ofisi ya elimu, mtu ambaye hata kucheka kwake kulihitaji sahihi mbili na muhuri.

"Umesema mbele ya watu, bwana," Haji alimwambia walipokuwa wakinawa mikono. "Ofisi inatafuta mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima. Cheti huna."

"Sina. Lakini mdomo ninao."

"Huo tumeuona. Basi miezi mitatu. Nitamleta Bwana Mkaguzi mwenyewe. Wanafunzi wako wakisema, kazi ni yako. Wakinyamaza, rudi kwenye mizani yako ukafie huko."

Hiyo mizani ndiyo iliyomchoma. Zubeiri alizaliwa Moa, akaletwa Tanga kwa mjomba wake na kaptula moja, akasoma mpaka darasa la nane, na huko Kiingereza kikampanda kama pepo, kisishuke tena. Alitaka ualimu. Chuo kilichukua vijana kumi na wawili mwaka ule. Yeye akawa wa kumi na tatu. Akaishia kuwa karani wa kupima mkonge kwenye shamba moja la njia ya Muheza, na kwa miaka sita Kiingereza chake hakikuzungumza na binadamu, kiliandika uzito tu. Nyumbani mkewe, Asmahani, alikwisha kuzoea kusalimiwa kwa Kiingereza na kujibu kwa Kidigo.

Darasa alilifungua uani kwa mjomba wake, baada ya sala ya alasiri. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa masizi. Wakaja kumi na mmoja. Mbele alikaa Bi Mboni, Mzigua, muuza samaki wa kukaanga, mpana wa mwili na mpana zaidi wa maneno. Nyuma yake Laurenti, hamali wa mkokoteni, Mnyamwezi aliyekuja Tanga kukata mkonge, akakatwa yeye na mji. Sokoni hawa wawili walikuwa watani wasioachana. Watu walijifanya wanachagua samaki kumbe wanasikiliza matusi.

Uani pale wakawa mabubu.

"Bi Mboni, jaribu. Sema kwa Kiingereza: hiki ni kitabu."

"Mwanangu, mimi nina wajukuu wanne. Nikikosea hapa, huyu Mnyamwezi atapiga mbiu soko zima."

"Haya, wewe Laurenti."

"Aanze mkubwa, mwalimu. Mimi nimelelewa."

Miezi miwili ikenda hivyo. Walielewa, waliandika, hata kusoma kimoyomoyo walisoma. Lakini midomo, kufuli. Zubeiri akakonda. Usiku aliota mizani.

Kisha siku moja Laurenti akachelewa, akaingia anahema, na Bi Mboni akashindwa kujizuia. "Mwoneni huyo! Babu zake walitembea kutoka bara na pembe za ndovu vichwani, yeye kutoka sokoni tu roho inataka kumtoka!"

Zubeiri aliruka kama aliyekanyaga kaa. "Kwa Kiingereza, Bi Mboni! Mtukane kwa Kiingereza!"

Bi Mboni akasita. Kukosea ni aibu, lakini kumwacha mtani wako na tusi nusu ni aibu kubwa zaidi. Akavuta pumzi, akalitoa neno moja moja kama anayetoa miiba ya samaki: babu yako alibeba pembe, wewe huwezi kubeba hata miguu yako.

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Laurenti naye alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakumbuka kwamba zamu ni yake. Akajibu, kwa Kiingereza kilichochechemea lakini kikafika: babu yangu alipofika pwani, babu yako alitaka kumuuzia bahari, kikombe kikombe.

Tangu siku hiyo vitabu vilipumzika. Kila mwanafunzi alikaa na mtani wake, na asiye na mtani akatafutiwa. Aliyekosea hakuchekwa, maana wenzake walikuwa na haraka ya kujibu.

Siku ikafika. Bwana Mkaguzi, Mzungu, akaja na Haji na faili. Akavua kofia yake ya jua, akaiweka juu ya kigoda, akainua kalamu, akauliza kwa Kiingereza hiki ni nini.

Kimya.

Akainua saa. Kimya. Ugeni na ukubwa wa mtu ule viliirudisha aibu yote ya miezi miwili. Haji akafungua faili. Zubeiri akaiona mizani waziwazi, imening'inia pale juu ya ubao.

Hapo ndipo Bi Mboni alipokosea. Katika maisha yake Kiingereza alikisema kwa watani tu. Kwa hesabu yake, mtu anayeingia akikisema amekuja kutaniwa, na kumnyamazia ni kumvunjia heshima. Na kitu cha mtani kikiachwa ovyo, ni chako mpaka akikomboe. Akainuka, akaichukua kofia, akaivaa juu ya mtandio, akarudi kukaa. Akasema kwa Kiingereza: "Hii sasa yangu. Ninyi mlichukua nchi nzima hatukupiga kelele. Usilie kwa kofia moja."

Faili likamponyoka Haji.

"Bwana," Zubeiri alisema mbio, jasho likimtiririka, "amekufanya mtani wake. Ni heshima hiyo. Mtani hakasiriki, anajibu."

Mkaguzi alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mwambie mimi si Mwingereza. Natoka Uskochi. Waingereza walianza kuchukua nchi yetu."

"Niambie mwenyewe," alisema Bi Mboni, kwa Kiingereza. "Nasikia."

"Walichukua yenu," Laurenti akadakia kutoka nyuma, "ndiyo mkaja kuchukua yetu? Njia ya kwao hamkuiona?"

Basi tena. Wote kumi na mmoja walimwangukia, vitenzi vikivunjika miguu njia nzima, na hakuna aliyekosa jibu. Nusu saa baadaye Mzungu, anafuta machozi, aliinua mikono miwili juu. Haji alicheka bila muhuri.

Barua ya kazi ilitiwa sahihi palepale, juu ya goti. Kwenye fomu yake, penye "njia ya kufundishia", Zubeiri aliandika: mazungumzo. Jumatatu akaiaga mizani, na mpaka mwaka 1959 alikuwa amefundisha matarishi, wauguzi na askari wa kutosha, hata ukaweza kusimangwa kwa Kiingereza katika ofisi yoyote ya Tanga.

Kofia ilikombolewa siku ileile ya ukaguzi. Shilingi mbili.